Sindano ya Jumapili

Juchitán, 10 Septemba

Nereida mwanangu,

Sanduku limefika. Ta Hermilo dereva alilishusha mwenyewe kutoka kwenye basi, amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, maana ulimwambia lina barafu na ole wake iyeyuke. Anakuogopa wewe kuliko trafiki.

Asante, mwanangu. Niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kulalamika.

Sasa nalalamika. Daktari wa kliniki anasema vidonge peke yake havinitoshi tena. Kipimo cha miezi mitatu kimetoka kumi na nukta nane, na aliponionyesha karatasi alitikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. Sukari hii ilinipata siku ya tetemeko, mtaa mzima unajua, ukuta wa jikoni ulipoanguka nikabaki nimesimama na sufuria mkononi. Hofu iliingia mwilini ikageuka sukari. Wewe umesoma, utasema sivyo, lakini wewe hukuwepo jikoni.

Nimejidunga ya kwanza leo baada ya misa, tumboni, kama ulivyonichorea. Mama yako wa ubatizo Obdulia alikuja kunishika mkono. Mimi nikaangalia, yeye akafumba macho. Nilitarajia sindano ya ng'ombe, kumbe ni kikalamu tu, na maumivu yake ni madogo kuliko sindano yangu ya kudarizi ikiteleza.

Usinipigie simu kuniuliza. Simu ikilia hapa ua mzima unakuja kusikiliza. Niandikie, uweke barua kwenye sanduku la dawa, nami nitakujibu kwenye sanduku la jibini.

Nina sababu ya kupona. Mwezi wa Mei mimi ndiye mwenyeji wa vela, sherehe ya mtaa wetu ya kucheza usiku kucha. Nimeingoja zamu hii miaka kumi na minne.

Mama yako,
Eustolia


Oaxaca mjini, 17 Septemba

Mama, nakubusu mkono,

Jibini limefika, na kamba wakavu pia. Wenzangu wa duka la dawa la hospitali wanasema sasa wanajua nani anakuja kazini kwa harufu.

Sikiliza vizuri. Moja kila Jumapili, usisahau, na ukisahau usijidunge mbili. Kalamu ambazo hujaanza kuzitumia zikae kwenye friji, si kwenye barafu ya soda. Kichefuchefu kitakuja wiki za mwanzo. Kula kidogo, polepole, uache mafuta mengi. Ukitapika sana au tumbo likauma sana mpaka mgongoni, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Dozi wataipandisha taratibu. Na usimgawie mtu, hata Mama Obdulia, hata akikulilia.

Dawa hii inaisaidia kongosho kufanya kazi yake. Sukari itashuka. Vela utaicheza.

Binti yako,
Nereida


Juchitán, 12 Novemba

Nereida mwanangu,

Siku ya Wafu ilipofika tumewapokea wafu wetu na kuwaaga. Nilimwekea bibi yako Cenobia mkate wake, chokoleti yake na maua, nikakaa naye kidogo. Mwaka huu nilikuwa na mengi ya kumwambia.

Kichefuchefu kilikuja kama ulivyosema, kikaondoka. Ila kingine kimebaki. Chakula hakiniiti. Obdulia aliniletea tamale tatu za unga wa mahindi na kamba, nikala moja nikaweka ya pili chini. Mimi. Obdulia aliitazama ile tamale kama mtu anayetazama mgonjwa.

Nguo zimelegea. Bangili ya bibi yako ambayo tulikuwa tukiitoa kwa sabuni sasa inatoka yenyewe nikinawa mikono. Sokoni wanawake wa samaki wananiuliza nani amekula nusu yangu. Nacheka nao. Unajua mimi nilikuwa najaza mlango, na nilipopita na sketi ya maua watu walisogea wenyewe, kwa heshima.

Nimemkumbuka sana bibi yako. Wewe ulikuwa mdogo. Sukari ilimla mpaka akabaki macho na mifupa. Tulipomvisha nguo yake nzuri ya kuzikiwa tulilazimika kuibana mgongoni kwa pini tisa, na bado mabega yalianguka. Watu waliona. Mimi nilikuwa mdarizi wa mtaa mzima na mama yangu akazikwa kwenye nguo isiyo ya kipimo chake. Aibu ile haijanitoka.

Lakini nakuandikia kukushukuru, si kukuhuzunisha. Asante kwa dawa. Asante kwa mwaka ule uliofanya kazi ya kuuza totopo, vile vikaki vya mahindi, stendi ili usome. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo.

Mama yako,
Eustolia


Oaxaca mjini, 20 Novemba

Mama,

Nguo zimelegea! Nimesoma mbele ya wenzangu wote tukapiga makofi. Hiyo ni habari njema kuliko zote. Endelea hivyo hivyo, wala usiogope maneno ya sokoni. Natamani ningekuona.

Krismasi sipati ruhusa, zamu zimenibana, nisamehe. Nakutumia kalamu za wiki nane.

Na usinishukuru kwa totopo. Nilikuwa nazila nusu.

Nereida


Juchitán, 28 Januari

Nereida mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekuelewa. Unanipa moyo, na unanipa moyo vizuri sana, hata kupiga makofi umeandika. Mimi pia nilimfanyia hivyo bibi yako. Nilimwambia umependeza, umekuwa msichana, naye akanitazama akanyamaza. Sasa najua kwa nini alinyamaza. Asante, mwanangu. Najua unachonificha, na sitakuuliza.

Humu sandukuni kuna kitambaa chekundu. Ndani yake ni hereni za dhahabu za bibi yako. Vaa, usizifungie kabatini. Fremu yangu ya kudarizia nimemwahidi mpwa wa Obdulia, ana mkono mzuri ila hana subira, fremu itamfundisha.

Nimeanza kuipunguza ile nguo yangu ya mahameri nyeusi, ile yenye maua makubwa niliyoidarizi miaka miwili. Siwezi kukata tu pembeni, maua yatakatika katikati. Inabidi nifumue ua zima na kulidarizi upya ndani zaidi. Ni kazi ya kipumbavu kwa macho yangu, lakini nataka inikae vizuri, watu wasione mkunjo hata mmoja.

Jana nilipita mbele ya kanisa nikaona jua limewaka ukutani na wanawake wanauza maembe mabichi yenye pilipili, nikashukuru tu. Kwa nini sikuwahi kuangalia hivi zamani?

Mama yako anayekupenda,
Eustolia


Oaxaca mjini, 4 Februari

Mama,

Kumbe umeshajua. Nilitaka iwe siri, nikushtukize mlangoni, lakini Mama Obdulia haweki siri hata kwenye mtungi. Ndiyo, nimeomba likizo. Nitakuja siku hiyo, na nitalia mbele ya watu wote nitakapokuona kwenye mahameri nyeusi. Nikianza kulia msinizuie.

Hereni nimezivaa. Lakini kwa nini unazitoa sasa? Ungenisubiri univishe mwenyewe.

Umekwenda kupima? Miezi mitatu imepita zamani. Niandikie namba.

Nereida


Juchitán, 7 Aprili

Nereida mwanangu,

Barua yako ya Februari nimeiweka chini ya mto. Uliposema utalia mbele ya watu wote, nililia kwanza mimi, peke yangu, halafu nikapata amani. Wengine hawana hata mtoto wa kuwalilia.

Chini ya jibini, ndani ya barafu, utakuta kalamu tano. Sijazigusa. Najua watu wangapi wanazitafuta, ulinieleza mwenyewe foleni za hapo kwenu. Mpe mtu ambaye bado zinamfaa. Kunirundikia mimi ni kumwagilia mti uliokauka.

Mahameri imekwisha. Inanikaa kama ngozi. Sitaki pini.

Vela nimewaambia wazee wa mtaa wamtafute mwenyeji mwingine endapo sitakuwepo. Walikataa kunisikiliza, lakini wamesikia.

Umekuwa mtoto mzuri kwangu. Sina ninachokudai.

Mama yako,
Eustolia


(Ndani ya sanduku hilo hilo, kwenye karatasi ya kufungia kamba)

Nereida,

Mimi mama yako wa ubatizo naandika haraka, na mama yako hajui. Ta Hermilo amesimama mlangoni ananiambia basi linaondoka, namwambia basi liondoke na wewe ubaki.

Mama yako ameacha sindano tangu Jumapili mbili zilizopita. Juzi aliniita, akanikalisha, akaniambia nyimbo anazotaka bendi ipige wakati wa kumpeleka makaburini, kwa mpangilio, na ipi irudiwe. Nilimwambia wewe mwanamke una wazimu. Akaniambia, "Obdulia, ulimuona mama yangu. Mimi nakwenda njia ile ile, kilo kumi na tano sasa. Hata Nereida anajua, ila hana moyo wa kusema."

Sasa niambie wewe, kwa sababu mimi sielewi kitu. Mgonjwa gani huyu anayepanda ngazi za soko kunizidi? Mama Cenobia nilimuona kweli, alikuwa anakunywa maji kama punda na anakojoa usiku kucha. Huyu analala mpaka jogoo anachoka. Magoti hayamuumi tena. Jumamosi alibeba ndoo mbili.

Kingine. Alipima mwezi wa Machi. Bahasha ya kliniki ameiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Vinsenti na hajaifungua. Anasema mtakatifu anajua inatosha. Daktari anamtuma kijana wa kliniki kila wiki aje kumwita, mama yako anajificha kwenye choo.

Andika upesi. Mimi nimeshaacha kulala.

Obdulia


Oaxaca mjini, 8 Aprili

Mama,

Kaa chini kwanza. Mwite Mama Obdulia asome kwa sauti kama macho yamechoka. Nimepiga simu mara sita, mnasema simu ina masikio ya ua mzima, sawa, basi barua hii Ta Hermilo anaileta leo hii na nimemwambia asikabidhi kwa mtu mwingine.

Hufi, Mama.

Hakuna ninachokuficha. Ninachopaswa kukuambia ni kosa langu. Nilikuandikia kuhusu friji na kichefuchefu na Jumapili, nikasahau jambo moja, kwa sababu huku mjini hakuna asiyelijua. Dawa hii inapunguza mwili. Wapo wasio na sukari kabisa wanaotaka daktari awaandikie ili wapungue, na hizo ndizo foleni nilizokuambia. Niliona jambo hilo kila siku mpaka sikukumbuka kwamba kwenu mtu hapungui isipokuwa anakufa. Nilipopiga makofi nilikuwa nafurahi kweli. Siku niliyosema nitakuja ni siku ya vela. Nilidhani umejua siri ya likizo yangu. Nimeisoma tena barua yako ya Januari sasa hivi na nimeona kwamba ulikuwa unaniaga.

Nisikilize kuhusu Bibi. Mwili wa Bibi haukuwa na insulini ya kutosha, na insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iingie kwenye nyama. Kwa hiyo alikula, sukari ikazunguka kwenye damu, ikatoka na mkojo, na mwili ukabaki na njaa ukaanza kujila wenyewe. Ndiyo maana alikuwa na kiu ile, na alikula sana huku anakwisha. Wewe una kiu? Unaamka usiku mara ngapi? Umepungua huku unakula sana, au umepungua kwa sababu unaweka tamale ya pili chini?

Sasa dawa. Utumbo wako ukipata chakula hutuma mjumbe. Mjumbe huyo huiambia kongosho, sukari inakuja, toa insulini. Huliambia ini, acha kumwaga sukari yako, inatosha. Hulishika tumbo lisiteremshe chakula mbio. Halafu hupanda mpaka kichwani na kusema, Eustolia ameshiba. Mjumbe wa kawaida hudumu dakika chache tu. Aliye kwenye kalamu ametengenezwa afanane naye lakini adumu wiki nzima, ndiyo maana ya Jumapili hadi Jumapili. Mama, wewe umeonja kila sufuria ya kila harusi ya mtaa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kukuambia umeshiba. Sasa kuna anayekuambia. Hayo ndiyo yaliyokutokea.

Sukari ya Bibi ilimpunguza. Wewe inakupunguza dawa, na sukari inashuka nayo. Kwa macho yanafanana, na mimi ndiye niliyepaswa kukutofautishia.

Sitaki uniamini mimi. Nakuomba jambo moja. Toa bahasha nyuma ya Mtakatifu Vinsenti uifungue. Ikiwa namba imepanda kuliko kumi na nukta nane, basi mimi sijui kazi yangu, na nitakuja kukuuguza mwenyewe. Ikiwa imeshuka, unarudi kwenye sindano. Lakini usijidunge kabla ya kumuona daktari, kwa sababu umekatisha, na huenda akakurudisha kwenye dozi ya chini. Kalamu zako zimo humu, barafu haikuwa imeyeyuka. Na ule mayai, samaki, maharage, mwili usipoteze nguvu pamoja na mafuta.

Nisamehe. Nakuomba unisamehe.

Nereida


Juchitán, 13 Aprili

Nereida mwanangu,

Ta Hermilo alisimama mlangoni na barua yako, akakataa kumpa Obdulia, akakataa kuiweka mezani, akasubiri nitoke bafuni nimejifunga taulo. Nimeipokea kwa mkono wangu mwenyewe. Mwambie ametimiza.

Obdulia alisoma. Alipofika kwenye "hufi" alirudia mara tatu, kwa faida yake, si kwa faida yangu. Mimi sikuamini. Nilisema mtoto anaandika kwa mapenzi. Lakini uliniuliza kuhusu kiu, nikakaa nikafikiri, na sikupata kiu. Uliniuliza kuhusu usiku. Ninalala, Nereida. Nilidhani ni udhaifu, kumbe ni usingizi.

Bahasha nilimpa Obdulia aifungue, naye akanirudishia, nami nikampa tena, mwishowe tukaishika wawili ikachanika. Sita na nukta nne.

Obdulia aliniuliza, "Ni nzuri au mbaya?" Nilienda jikoni, kwenye ule ukuta mpya, nikaweka paji la uso juu yake nikalia kama ambavyo sikulia hata siku ya tetemeko lenyewe.

Leo nimekwenda kliniki kwa miguu yangu. Daktari amenirudisha dozi ya chini, amenigombeza mpaka nesi akatoka nje. Alisema kama nina swali niulize kabla ya kuchagua bendi. Obdulia ndiye aliyemwambia kuhusu bendi, sitamsamehe mwaka huu.

Hakuna cha kusamehe kwako. Nilikuwa na mdomo, sikuuliza. Nilikuwa naona haya kumuuliza mwanangu kama nakufa, na wewe ulikuwa huna habari kwamba nakufa. Tumeandikiana barua za upendo miezi mitano, kila mtu anaimba wimbo wake.

Hereni baki nazo. Fremu nimeenda kumnyang'anya mpwa wa Obdulia. Analia, lakini nina kazi.

Mama yako,
Eustolia


Juchitán, 26 Mei

Nereida mwanangu,

Umeondoka jana na nyumba bado ina kelele zako. Nimekaa kwenye bembea ya wavu, miguu inauma kwa kucheza, maumivu ya haki.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hapa, kwa sababu ulikuwa unalia mbele ya watu wote kama ulivyoahidi.

Nilipoivaa ile mahameri nyeusi asubuhi ya vela na wewe ukanifunga nyuma, nilikuwa naogopa. Kila ua nililifumua na kulirudishia nikijiambia kwamba nalivaa mara moja tu, nimelala. Nilijua kila uzi wake kwa huzuni. Halafu tukatoka nje, na wanawake wa samaki wakanitazama juu mpaka chini, mmoja akasema, "Eustolia, unaondoka au unarudi?" Nikamwambia narudi. Bendi ikapiga, na ulisikia ni wimbo gani. Ulikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu ile. Obdulia aliwalipa kwa vinywaji waupige, mshenzi yule. Nikaucheza mpaka mwisho, nikawaambia waurudie.

Leo nimeitundika nguo juani kuitazama. Kuna bia kifuani, mtu alinimwagia. Pindo limekanyagwa na kutatuka, nadhani ni wewe. Jasho limeingia mpaka kwenye bitana na halitatoka. Bibi yako angeiona nguo hii angesema haifai tena kumzikia mtu yeyote.

Kwa hiyo inabidi nidarizi nyingine. Miaka miwili kwa uchache, na macho haya labda mitatu. Nimeshatandika kitambaa kwenye fremu, nimeanza ua la kwanza asubuhi hii baada ya kujidunga.

Asante, mwanangu. Safari hii nasema asante kama mtu anayebaki. Zimebaki kalamu mbili, niletee nyingine, na mwambie Ta Hermilo asisahau barafu.

Mama yako,
Eustolia